Pampu Haijafa: Kusoma Dalili za Gari la Dizeli Lililozeeka

Jirani yangu hapa Bombo ni askari mstaafu. Alivua sare miaka mingi iliyopita, lakini mtaa mzima bado unamwita afande, na Hilux yake ya mwaka 1993 ni kama mwenzake wa kikosi aliyekataa kustaafu. Asubuhi moja alimtuma mjukuu wake kwangu: "Mwalimu, babu anasema uje na ile tochi yako." Nilimkuta kwenye kigoda kando ya gari, boneti juu, uso umemshuka. Fundi alikuwa amekwisha kupita. Alipiga stata mara nne, akafuta mikono kwa kitambaa, akatoa hukumu: pampu ya dizeli imekufa, itolewe ipelekwe Kampala.

Hukumu hiyo kila mwenye dizeli kuukuu nchini Uganda anaijua. Kwa magari yetu, "pampu imekufa" ni kama malaria kwa watu: hutajwa kabla ya kipimo. Sisemi pampu hazifi. Zinakufa, na nitaeleza kinachoziua. Ila pampu ni ya mwisho kwenye foleni ya washukiwa. Mbele yake kuna mipira, klipu, filta, waya na betri, vitu ambavyo mtu mwenye spana chache na subira anaweza kuvikagua mwenyewe uani kwake.

Nilimwuliza afande swali moja tu: "Jana jioni uliliegesha limeelekea wapi?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa nyota yake. "Si unaliona lilipo? Limeelekea nyumba." Nyumba yake iko juu kidogo, ua una mteremko. Gari lilikuwa limelala pua juu.

Moto usio na cheche

Injini ya petroli huwasha moto wake kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Pistoni hupanda na kuibana hewa kwenye nafasi ndogo mno; kwenye injini ya afande, ile Toyota ya lita 2.8 inayoitwa 3L, hewa hubanwa kiasi cha mara 22. Aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi sehemu ya chini ya pampu inavyopata moto. Ndani ya silinda joto hilo hupita nyuzi 500. Hapo nozo inapuliza dizeli kama ukungu, na ukungu ukikutana na hewa ya moto unawaka wenyewe.

Basi dizeli inahitaji hewa iliyobanwa sawasawa, na mafuta safi yanayofika kwa wakati wake yakiwa ukungu, si matone. Umeme unahitajika kuzungusha stata na kupasha joto zile plagi ndogo za asubuhi. Injini ikishawaka, hizi za zamani zinaweza kwenda kutoka Bombo hadi Gulu zikitegemea waya mmoja tu, ule unaoshika koili ya kuzimia juu ya pampu, yaani ile inayofungua na kufunga njia ya dizeli. Hakuna kompyuta. Ndiyo maana nasema dizeli ya miaka ya tisini ni gari la kutengenezwa uani, na ndiyo maana wengi wetu hatutaki kuziachia. Isitoshe, tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe. Kuukuu lililokwisha kuingia ndilo unalo. La kuagiza mfano wake halipo tena.

Neno moja la tahadhari kabla hatujashika spana. Ninayoyasema hapa juu ya kulegeza mabomba ya nozo ni ya injini hizo za zamani tu. Utazitambua hivi: kutoka kwenye pampu hutoka mabomba membamba ya chuma, kila silinda na bomba lake. Kwenye injini za baadaye pampu hujaza bomba moja nene, na kila nozo ina soketi ya waya kichwani. Ndani ya bomba hilo kuna mgandamizo unaozidi mara 1,000 ule wa hewa ya kawaida. Usilegeze kitu pale. Hata kwenye za zamani, usitafute mvujo kwa kidole injini ikiunguruma. Dizeli inayotoka kwa nguvu ile hupenya ngozi kama sindano, na jeraha lake ni la hospitali siku hiyohiyo. Tumia kipande cha katoni.

Kwa nini niliuliza gari limeelekea wapi

Tangi la Hilux liko nyuma, chini. Pampu iko mbele, juu. Kwenye injini hii hakuna pampu nyingine ya kusukuma mafuta kutoka kwenye tangi. Pampu kubwa yenyewe ndiyo inayoyanyonya, yapite kwenye mipira, yapite kwenye filta, yafike kwake. Njia nzima iko kwenye kunyonya. Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Wanatafuta mahali panapodondosha dizeli, hawaoni tone, wanasema njia ni nzima. Lakini mpira uliopasuka kwenye njia ya kunyonya haudondoshi kitu nje. Unaingiza upepo ndani. Ni kama mrija wa soda wenye tundu: soda haimwagiki, ila unanyonya weee, unapata hewa.

Injini ikiwa inaunguruma, upepo kidogo hupita na pengine hutaona zaidi ya mtetemo wakati wa mzigo mdogo. Shida huja usiku. Injini ikizimwa, ule ufa unaachia hewa iingie taratibu, na dizeli iliyokuwa kwenye njia inateremka kurudi tangini. Gari likilala pua juu inateremka upesi zaidi. Asubuhi pampu inanyonya hewa. Likilala pua chini, tangi linakuwa karibu usawa mmoja na pampu au juu yake, dizeli haina pa kukimbilia, na gari linawaka kana kwamba halijawahi kuugua.

Kipimo hicho hakigharimu hata shilingi. Tuliita vijana wawili, tukaligeuza gari, pua ikatazama barabarani. Tukatoa upepo kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta: unaibonyeza kwa kiganja mpaka iwe ngumu. Isipokuwa ngumu hata baada ya kubonyeza mara hamsini, ama hewa inaingia mahali, ama utando wa ndani wa hiyo pampu ya mkono umechoka, jambo la kawaida sana kwenye Toyota za umri huu. Ya afande ilikuwa ngumu baada ya muda. Tukalegeza nati za mabomba kwenye nozo, spana namba 17, mzunguko mmoja hivi. Kijana akapiga stata kwa sekunde chache chache. Povu likatoka, kisha dizeli tupu isiyo na povu. Tukakaza. Likawaka, likakohoa, likatulia. Tukalizima na kuliacha vile vile pua chini.

Kesho yake asubuhi liliwaka mara moja. Pampu iliyokufa haifufuliwi na mteremko.

Kujua kwamba kuna upepo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua unaingilia wapi. Dawa yangu ni mpira mwangavu, ule wa plastiki unaoonyesha kilicho ndani, kiasi cha shubiri moja. Unauunga kati ya filta na pampu, unawasha, unatazama. Mapovu yakipita, ufa uko kabla ya hapo. Kisha unauhamishia nyuma ya filta, na kadhalika, ukirudi kuelekea tangini mpaka mapovu yakome. Kwa afande ufa ulikuwa chini ya klipu, pale mpira wa kutoka kwenye bomba la chuma unapoingia filtani. Mpira wa miaka thelathini, mgumu kama ganda la muhogo uliokauka.

Kama stata inazunguka na kimya

Kuna mahali pa kuanzia ambapo watu hupasahau: bomba la moshi. Mwambie mtu apige stata, wewe simama nyuma. Kama hakuna moshi wowote, dizeli haifiki kwenye silinda. Angalia tangi kwanza, usicheke. Mita za mafuta za magari haya hudanganya. Kisha sikiliza koili ya kuzimia: ukifungua swichi bila kupiga stata, lazima usikie mlio mdogo wa "ka" kwenye pampu. Kama hausikiki, chomoa ule waya wake mmoja, usafishe, uurudishe. Bado kimya? Chukua waya kutoka kwenye chanya ya betri uguse pale. Ukisikia mlio sasa, koili ni nzima, umeme ndio haufiki. Huenda ni fyuzi. Nimeona pampu nzima ikishushwa kwa sababu ya waya uliochomoka.

Lakini kama moshi mweupe unatoka, unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi, habari ni tofauti kabisa. Mafuta yanafika. Hayawaki. Joto ndilo limekosekana, na hapo unafuata plagi za kupasha joto, kasi ya stata, halafu ndipo mgandamizo wa injini.

Plagi za kupasha joto hupimwa kwa taa ya volti 12. Unaondoa bamba la chuma linaloziunganisha, unaunga waya mmoja wa taa kwenye chanya ya betri, wa pili unaugusa kwenye ncha ya kila plagi. Taa ikiwaka, plagi inapitisha umeme. Ikikataa, imekatika. Kwenye silinda nne, moja ikikatika gari huwaka kwa shida kidogo na kutetema. Mbili zikikatika, baridi ya Kabale saa kumi na mbili asubuhi itakushinda. Ukienda kununua nyingine pale Kisekka, soko la spea la Kampala, beba ya zamani mkononi na usome volti zilizoandikwa ubavuni. Si zote za volti 12. Kuna mifumo ya Toyota inayotumia za volti 6, na ukichanganya, ama zinaungua ndani ya wiki ama hazipati moto kamwe.

Stata nayo isihukumiwe ovyo. Betri iliyopumzika inapaswa kusoma volti 12.6 hivi, wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Ukisikia "ka" moja nzito na stata haizunguki, na taa za mbele haziji kufifia, mara nyingi ni zile shaba mbili ndani ya kichwa cha stata ambazo hugusana kupeleka umeme. Zinalika. Kuzibadilisha ni kazi ya saa moja na shaba zenyewe ni kitu kidogo, lakini wauzaji wengi watakuuzia stata nzima kwa furaha.

Na hapa naomba nigombane kidogo na desturi moja. Injini ikikataa, fundi huloweka kitambaa petroli na kuinusisha kwenye njia ya hewa. Injini inaruka, inawaka, watu wanapiga makofi. Petroli ikikutana na plagi zilizo nyekundu kwa joto, au ikiwaka kabla ya pistoni kufika juu, inaweza kuvunja ringi au kupinda mkono wa pistoni. Na injini iliyozoeshwa hivyo, ugonjwa wake wa kweli haukutafutwa.

Moshi una rangi tatu

Mweusi maana yake ni mafuta mengi kuliko hewa. Anza na filta ya hewa. Vumbi jekundu la barabara zetu huijaza kabla ya muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukisafisha kwa upepo wa kompresa, pulizia kutokea ndani kwenda nje, la sivyo unalizamisha vumbi. Kama gari lina tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), kagua mipira mikubwa inayotoka humo. Ikipasuka, hewa iliyosukumwa inapotea njiani, gari linakosa nguvu na kutoa moshi kama jiko la matofali. Filta na mipira ikiwa sawa, washuku nozo.

Nozo nzuri hupuliza ukungu. Iliyochoka hudondosha. Kumjua mkosaji, injini ikiwa inaunguruma polepole, legeza nati ya bomba la nozo moja kwa robo mzunguko, ukiwa umefunika kwa kitambaa na kuvaa miwani. Sauti ikibadilika na injini ikiyumba, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Isipobadilika, umempata. Kaza, nenda kwenye inayofuata. Baada ya hapo nozo zipelekwe zote kwa fundi mwenye mashine ya kuzipimia. Kazi hiyo si ya uani.

Wanaopanda kutoka pwani wana kisa chao. Gari lililorekebishiwa pampu Mombasa, usawa wa bahari, likifika Kabale karibu mita 2,000 juu, linakuta hewa yenye mgandamizo uliopungua kwa kama moja ya tano. Pampu haijui. Inaendelea kutoa dizeli ileile. Moshi mweusi mlimani hapo si ugonjwa. Baadhi ya pampu zina kifaa cha kupunguza mafuta kadiri unavyopanda, na mafundi wengine hukifunga kwa sababu "kinapunguza nguvu".

Mweupe wa asubuhi unaoisha dakika mbili tatu baada ya kuwaka ni wa kawaida. Mweupe usioisha, wenye harufu tamutamu, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuonekana yanakokwenda, unataka ukae chini, nitaurudia. Wa buluu ni oili inayoungua: sili za valvu ikiwa unatoka zaidi ukiwasha asubuhi, ringi ikiwa unatoka wakati wote, tabo ikiwa unalo na linamwaga oili kwenye njia ya hewa.

Tabo hilo, au oili iliyojazwa kupita alama, huweza kuleta jambo ambalo dereva hukutana nalo mara moja maishani na halisahau. Injini inaanza kula oili yake kama mafuta, inapanda mbio yenyewe, unazima swichi, haizimi. Ulizima dizeli, lakini sasa haitumii dizeli. Kama gari ni la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, ingiza gia ya juu kabisa, achia klachi. Injini inazimika kwa mzigo. Vinginevyo ziba njia ya hewa kwa ubao au kitu kigumu bapa, kamwe si kwa kiganja. Ikiwa huwezi kufika salama, kaa mbali.

Maji, mfuniko na ile termostati iliyotupwa

Injini nyingi za dizeli zinazofia Uganda hazifi kwa pampu. Zinafia kwenye joto. Silinda hedi, yaani kichwa cha injini, inapinda au kupasuka, na gari lililokuwa na miaka kumi mbele linauzwa vipandevipande.

Afande, kama madereva wengi wa zamani, aliondoa termostati zamani na anajivunia. Hoja yake inaeleweka: kitu kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta kina faida gani katika nchi ya ikweta? Faida ipo. Termostati hufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88 na kuifanya injini ifike haraka kwenye joto lake la kazi. Bila hiyo injini hutembea baridi, hula dizeli zaidi, na ringi hulika. Lakini kuna jambo baya kuliko hilo. Kwenye injini nyingi termostati ikifunguka huziba wakati uleule njia ya mkato ambayo maji hupitia bila kufika kwenye rejeta. Ukiiondoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inazungukazunguka bila kupoa. Kwa hiyo mtu anatoa termostati ili injini isichemke, halafu kwenye mlima wenye mzigo inachemka kwa sababu aliitoa. Kuipima ni rahisi: itie kwenye sufuria ya maji jikoni na uyapashe moto. Ikifunguka maji yakikaribia kuchemka na kujifunga yakipoa, ni nzima.

Mfuniko wa rejeta nao watu huuona kama kifuniko cha birika. Sivyo. Kampala, kwenye mita 1,200 hivi, maji huchemka yakifika kama nyuzi 96. Kabale ni kama 93 au 94. Mfuniko mzima, wenye nambari 0.9 juu yake, hubana maji na kupandisha kiwango cha kuchemka kwa kama nyuzi 20. Sili yake ikichakaa, unapoteza nyuzi zote hizo, na sisi wa nyanda za juu tulianza na chache tangu mwanzo. Mfuniko mpya ni miongoni mwa spea rahisi kabisa za gari. Usiufungue injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa.

Maji matupu ya bomba hutosha kufika nyumbani, basi. Ukiyazoea, kutu inakula njia za ndani na kuziba rejeta kutoka ndani, wakati tope na majani vinaiziba kutoka nje. Weka maji yenye dawa ya rejeta, na kila baada ya safari ya tope pulizia maji ya mpira kutoka upande wa injini kuelekea nje. Angalia pia feni: injini ikiwa imezimwa na ya moto, izungushe kwa mkono. Ikizunguka kama pangaboi bila ukinzani wowote, mafuta yaliyo ndani ya kitovu chake yameisha na haivuti hewa ya kutosha.

Sasa ule moshi mweupe mtamu. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, washa, tazama ndani ya rejeta. Mapovu yakipanda mfululizo, moshi wa silinda unapenya kwenye maji: gasketi imekatika au hedi ina ufa. Dalili nyingine ni mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu dakika moja tu baada ya kuwasha, kabla joto halijapanda. Na ukichomoa kijiti cha oili ukakuta rangi ya chai ya maziwa, simamisha gari hapo hapo. Hiyo si kazi ya kuahirisha hadi mwisho wa mwezi.

Kinachoziua pampu kwa kweli

Nilisema pampu hufa. Inajilainisha kwa dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Haina oili yake. Anayechanganya dizeli na mafuta ya taa anaiondolea ulaini huo, na chuma kinasuguana na chuma. Serikali huweka alama ya kikemikali kwenye mafuta ya vituo ili kuukamata uchanganyaji, lakini jerikeni ya kando ya njia haina alama wala risiti. Muuaji wa pili ni maji. Huingia kwa umande kwenye tangi lililoachwa robo usiku, kwa jerikeni, kwa mfuniko wa tangi uliochakaa wakati wa mvua. Chukua dizeli kidogo kwenye chupa nyeupe, iache ilale; maji yatakaa chini na utayaona. Chini ya filta nyingi kuna koki ya kumwagia maji hayo. Ifungue kila mwezi, na mara moja kila wiki wakati wa masika.

Filta yenyewe ibadilishe kila kilomita 10,000, mapema zaidi kama hujui dizeli yako inatoka wapi. Wengine huijaza mpya kwa kumimina dizeli kwenye tundu la katikati. Tundu hilo ni upande wa mafuta yaliyokwisha kuchujwa. Uchafu unaomimina hapo unakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Funga filta ikiwa tupu, kisha ijaze kwa pampu ya mkono. Mkono utachoka kidogo.

Oili ya injini kila kilomita 5,000, aina ya 15W-40 ya dizeli. Kuwa nyeusi siku mbili baada ya kubadilishwa si kasoro, ni masizi ya dizeli. Kinachotisha ni kiwango kupanda kwenye kijiti bila wewe kuongeza kitu: dizeli au maji yanaingia humo. Na mkanda wa taimingi, kama injini yako ni ya mkanda kama 3L hii, ni kilomita 100,000. Taa ya dashibodi huwaka yenyewe ikifika hapo. Lakini mita ya gari lililopita mikono minne si shahidi wa kuaminika. Ukilinunua leo, badilisha mkanda leo. Ukikatika, valvu zinagongwa na pistoni.

Mpira wa afande tuliupata dukani hapa hapa Bombo, shubiri moja na klipu mbili mpya. Tukafunga, tukatoa upepo, likawaka. Pampu iko mahali pake hadi leo. Termostati bado tunabishana. Ila kila jioni nikipita naona Hilux imegeuzwa, pua chini, imetazama barabarani. Nilimwambia hakuna haja tena. Alisema anajua.